Ukurasa wa Nyumba: Sinia Moja kwa Mtoto Asiyekula Ngano



Ndugu zetu wasomaji, mwezi huu tumepokea barua ya mama mmoja wa Nkuhungu, jijini Dodoma, nasi tumeona ukurasa wote huu tuutoe kwake, kwani jambo lililomfika yeye yumkini limekwisha ingia katika nyumba nyingine, ila wenyewe hawajalijua jina lake.

Mama huyu asema kwamba ana binti wa miaka tisa. Kwa muda wa miaka miwili mtoto alikuwa akiumwa tumbo, akiharisha mara kwa mara, akikonda mikono na miguu huku tumbo limejaa, na kila alipopimwa damu yake ilikuwa pungufu. Akapewa dawa za minyoo, akapewa na dawa za kuongeza damu, hali isitengenee. Mwisho akafikishwa kwa daktari bingwa, akapimwa damu na kutazamwa utumbo, ikajulikana kuwa anao ugonjwa uitwao seliaki, ambao mwenye nao hawezi kula ngano maisha yake yote. Mkate basi, chapati basi, maandazi basi, tambi basi.

Mama akarudi nyumbani na karatasi ya daktari mkononi, na mashaka yake yakaanzia hapo. Ametuandikia mambo matatu. La kwanza, alikwenda katika duka kubwa la mjini akaonyeshwa unga wa pakiti kutoka ng'ambo, wenye maandishi kuwa hauna gluteni, na bei ya pakiti moja ingelisha nyumba nzima ugali siku nyingi. La pili, mama mkwe wake, aliyetoka Kondoa kuja kukaa nao, hauamini ugonjwa huo. Husema hajapata kusikia mtoto kukatazwa mkate, na kila mama anapotoka, bibi humpa mjukuu wake andazi kwa siri, kwa huruma. Kesho yake mtoto huamka hajiwezi. La tatu, Ramadhani inakaribia, na binti amesema neno lililomkosesha mama yake usingizi: kwamba yeye afadhali afuturu chumbani peke yake, ili wageni wasimwone akila chakula cha maskini. Na chakula hicho anachokionea haya ni ugali wa uwele.

Mama yetu mpendwa, tutakujibu moja baada ya moja, na tutaanza na ugonjwa wenyewe, maana asiyeujua adui yake humpiga rafiki yake.

UGONJWA WENYEWE

Katika ngano mna kitu kiitwacho gluteni. Ndicho kinachoufanya unga wa ngano uvutike unapokandwa, na ndicho kinachoishika pumzi ya hamira mpaka mkate ukaumuka. Shayiri na nafaka ya Ulaya iitwayo rai nazo zinacho kitu cha namna hiyo. Kwa watu walio wengi gluteni haina dhara lolote. Walakin kwa mwenye seliaki, kinga ya mwili wake huikosea ikaidhania adui, ikaanza kupigana, na katika kupigana huko huuharibu utumbo wake mwenyewe. Utumbo mwembamba una vinyweleo vidogo mno ambavyo kazi yake ni kukinyonya chakula kiingie katika damu. Vinyweleo hivyo vikisagika, mtu hula akashiba, na mwili wake ukabaki na njaa. Ndiyo sababu binti yako alipewa dawa za damu zisimfae: mlango wa kupitia dawa hizo ulikuwa umefungwa.

Ugonjwa huu hauambukizi, wala hautokani na husuda wala na uchafu. Mtu huzaliwa na urithi unaomwelekeza huko, kisha maradhi yakaja kuzuka utotoni au ukubwani. Dawa ya kuumeza haujapata. Dawa yake ni kuiacha ngano, shayiri na rai kabisa, na mtu akiviacha kwa hakika, aghalabu utumbo hupona na mtoto hurudi kukua. Lakini kuacha nusu si kuacha. Kipande kidogo cha andazi chatosha kuviamsha vita upya, hata kama siku hiyo mtoto hakulia tumbo.

Hapa twapenda kuwaonya wasomaji wengine mambo mawili. Kwanza, ikiwa wamshuku mtoto wako, usimwachishe ngano kabla hajapimwa. Kipimo cha damu hutafuta alama za vita vile, na vita vikiwa vimenyamaza kwa kuwa ngano haiingii, kipimo chaweza kusema hana kitu ilhali anacho. Mpeleke kwanza, kisha fuata amri ya daktari. Pili, asiye na maradhi haya hana haja ya kuihama ngano. Wako siku hizi wanaoiacha kwa kufuata mtindo, wakatupa fedha katika pakiti za ng'ambo. Huo si utabibu, ni israfu.

JE, NI UGONJWA WA WAZUNGU?

Bibi wa Kondoa asema hajapata kuusikia. Hatumlaumu, kwani hata madaktari wa Ulaya walikaa nao muda mrefu pasipo kuujua kiini chake. Mwaka 1888 tabibu mmoja wa London, Samuel Gee, aliueleza vizuri, akaona kwamba kama kuna tiba basi imo katika chakula, lakini chakula gani hakujua. Mwaka 1924 Sidney Haas wa New York alianza kuwalisha watoto wagonjwa ndizi mbivu, wakapata nafuu, na watu wakadhani ndizi zina siri. Siri haikuwa katika ndizi walizopewa, ilikuwa katika mkate walionyimwa.

Aliyeifungua fumbo hii ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikwisha kuishuku ngano kabla ya vita. Ukaja msimu wa baridi wa mwaka 1944 kuingia 1945, nchi yake ikafungiwa njia za chakula na watu wakafa kwa njaa. Mkate ukaadimika, na watu wakala hata vitunguu vya maua. Katika dhiki hiyo watoto wenye seliaki hali zao zikawa nzuri kuliko zamani, na mkate ulipopatikana tena maradhi yakawarudia. Dicke akayaandika hayo katika tasnifu yake ya mwaka 1950 katika Chuo Kikuu cha Utrecht, na tangu hapo ndipo dunia ikajua kuwa mkosa ni ngano.

Wala tusiseme kuwa ni maradhi ya watu weupe. Mwaka 1999 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa Kisaharawi, Waislamu wa jangwani huko Afrika ya Magharibi ya kaskazini, wanaoishi katika kambi za wakimbizi nchini Aljeria, na ikaonekana kuwa zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wanao ugonjwa huu. Wazee wao walikuwa wakiishi zaidi kwa maziwa ya ngamia, nyama na tende; siku hizi mkate wa ngano umekuwa ndio chakula chao kikubwa. Basi hapana ajabu kwamba bibi hakuusikia Kondoa wakati wa ujana wake. Katika nchi ya watu wanaokula uwele na mtama asubuhi na jioni, ugonjwa wa ngano utajionyesha wapi?

GHALA LA UGOGO NA URANGI

Na hapa ndipo tunapotaka kukupa bishara, mama. Umekwenda duka kubwa kutafuta kitu ambacho Dodoma imekaa juu yake. Nchi hii ya kati ni kavu, mvua yake ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hata Aprili, na wenyeji wake tangu zamani walichagua nafaka zinazostahimili kiu: uwele na mtama. Hata leo kituo cha utafiti wa kilimo cha Hombolo, kisicho mbali na mji, kinashughulika na mbegu za nafaka hizo. Nazo, pamoja na ulezi, mahindi na mchele, hazina gluteni inayomdhuru mgonjwa wa seliaki. Wazungu wa Ulaya hivi sasa huununua unga wa mtama kwa bei kubwa, na Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii ya uwele na ulezi. Kitu ambacho binti yako anakionea haya, wenzetu wanakitafuta kwa taa.

Tuzitaje nafaka hizi na tabia zake, kwani kila moja ina kazi yake.

Uwele una ladha nzito na madini ya chuma, nao wafaa ugali na uji. Aibu yake ni moja: una mafuta mengi, na ukisagwa hauchukui siku nyingi kabla ya kuchacha na kuwa mchungu. Basi weka punje ghalani na usage kidogo kidogo, wa juma moja tu.

Mtama mweupe ni mpole, hauna ukakasi kama ule mwekundu, na ndio ufaao kuwa badala ya ngano katika mikate ya kusukuma. Mwekundu uweke kwa uji.

Ulezi unazipita nafaka zetu nyingine zote kwa kalisi, ile iimarishayo mifupa na meno. Mtoto ambaye mwili wake umekaa na njaa miaka miwili anauhitaji sana. Uji wa ulezi uliolala usiku mmoja ukachachuka kidogo hulainika, na mwili huyapata madini yake kwa urahisi zaidi. Ila angalieni uchachu usipite mpaka, maana uji wa kimea ukiachwa siku nyingi hugeuka ulevi, na hapo umetoka katika halali.

Mchele ni mwepesi tumboni, na unga wake ndio mama wa vitumbua na mkate wa kumimina. Lakini mchele mweupe peke yake hauna nguvu nyingi. Usimfanye mtoto aishi kwa wali mtupu.

Muhogo huleta unato, na unga wake kidogo ukitiwa katika unga wa mtama huufanya usivunjike upesi. Muhogo mchungu una sumu, nao lazima uloweshwe na kukaushwa barabara kabla ya kusagwa. Usinunue unga wa muhogo kwa mtu usiyejua ameutengenezaje.

Dengu, choroko na kunde, zikisagwa, zatoa unga wenye nguvu za kujenga mwili, nao wafaa bajia na wafaa kuchanganywa katika unga wa chapati.

BADALA YA KILA KITU

Sasa tuje mezani, mama, maana najua hilo ndilo ulilolingojea.

Badala ya chapati ya ngano, pika chapati ya mtama. Kwa kuwa mtama hauna gluteni ya kuushika, ukiukanda kwa maji baridi utakatika kama mchanga. Siri yake ni maji ya moto. Chemsha kikombe kimoja cha maji kasorobo na chumvi kidogo, epua, mimina unga wa mtama kikombe kimoja uliochanganywa na kijiko kimoja au viwili vya unga wa muhogo, songa kwa mwiko, funika dakika chache. Kisha ukande ungali na vuguvugu, ukiongeza maji ya moto kidogo kidogo mpaka ulainike. Fanya madonge, yatandaze kwa kiganja juu ya nailoni safi iliyopakwa mafuta, uoke juu ya kikaango kilichopata moto. Iliwe ingali moto, ikipoa hukakamaa. Ndugu zetu Wahindi wa Gujarati wanao mkate wa namna hii tangu enzi, na watu wa mwambao walikuwa na mkate wao wa mofa wa unga wa mtama. Basi si jambo la kubuni leo.

Badala ya maandazi, pika vitumbua: mchele ulowekwe usiku kucha, usagwe na tui la nazi, utiwe hamira, sukari na iliki, uachwe uumuke. Badala ya mkate wa boflo, pika mkate wa kumimina wa mchele uleule, katika sufuria yenye moto juu na chini. Kwa ajili hiyo hiyo futari ya tambi yaweza kuondoka, ikaja ndizi mbivu ya nazi, au muhogo wa nazi, au viazi vitamu, au magimbi. Badala ya sambusa, kaanga bajia za kunde, au kachori za viazi zilizovikwa unga wa dengu. Badala ya biskuti, mpe kashata ya karanga au ya ufuta, na zabibu kavu, maadam Dodoma ndiyo nchi ya zabibu. Mchuzi ukitaka kuwa mzito, usitie unga wa ngano. Tia karanga zilizotwangwa, au unga wa mchele.

Na juu ya sinia hiyo usisahau mlenda. Mboga za majani na matunda yenye ukali kama ubuyu, mapera na machungwa huusaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo katika nafaka. Chai, kwa upande wake, huyazuia; basi mtoto asiinywe pamoja na chakula, angojee saa moja au mbili.

NGANO ILIYOJIFICHA

Mama mwenye mgonjwa wa namna hii lazima awe na jicho la mlinzi, maana ngano hujificha. Imo katika suji. Imo katika bokoboko. Imo mara nyingi katika unga wa lishe unaouzwa umekwisha changanywa. Basi changanya wako mwenyewe. Baadhi ya wapishi wa vitumbua hutia ngano kidogo ili viumuke upesi, na baadhi ya wauza unga wa dengu huuongeza kwa ngano ili upate wingi. Ulizeni, na ikiwezekana sageni wenyewe. Imo katika soseji nyingi, katika sosi nyeusi ya soya, na katika unga wa supu wa pakiti.

Shayiri nayo ina maficho yake, na hapa twawataka Waislamu wazingatie. Vile vinywaji vya kimea vinavyouzwa kuwa havina kilevi, ambavyo vijana wetu huvipenda jioni ya futari, aghalabu hutengenezwa kwa shayiri, na havimfai mgonjwa huyu. Kadhalika baadhi ya unga wa kopo wa kutia katika maziwa una kimea cha shayiri. Na talbina, ule uji wa shayiri uliosifiwa katika hadithi, nao haumfai. Mtu asidhani kwamba kuiacha shayiri kwa ajili ya maradhi ni kuidharau sunna, hasha! Sheria yetu imesimama juu ya kuondoa madhara, na mgonjwa amepewa ruhusa hata katika nguzo ya saumu. Mpe uji wa ulezi kwa nia ileile ya kumliwaza.

Oti, nayo ni nafaka nyingine, si shayiri ingawa wengine huiita hivyo. Yenyewe si adui kwa wagonjwa walio wengi, lakini husagwa na kufungwa pamoja na ngano. Iacheni mpaka daktari aseme.

Baada ya chakula, viko vyombo. Kibao na mpini uliosukumia chapati za ngano hausafishiki barabara. Mtoto awe na chake. Mafuta yaliyokaangia maandazi yasikaangie kachori zake. Chungio la ngano lisichunge mtama. Na kwenye mashine ya kusaga, chagueni ile isiyosaga ngano. Kama hakuna, mwenye mashine asage kwanza mahindi ya watu wengine, ndipo asage punje zenu, ili mabaki ya ngano yatoke.

NENO ZITO JUU YA MAHINDI NA KARANGA

Hatuwezi kufunga ghala hili bila kutaja jambo moja la kutisha. Anayeiacha ngano hula mahindi na karanga kuliko zamani, na vitu hivi viwili ndivyo vinavyoshikwa sana na ukungu wenye sumu, iitwayo sumukuvu. Watu wa Dodoma hawahitaji kuhadithiwa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliripotiwa kuugua kwa sumu hiyo, na 20 kati yao wakafa. Walikuwa wamekula mahindi ya shambani mwao.

Sumu hii haiondoki kwa kupikwa. Basi nafaka ianikwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, ikauke kweli. Iwekwe juu ya mbao, isigusane na sakafu wala ukuta wenye unyevu. Punje zilizooza, zilizovunjika na zenye ukungu zichambuliwe na kutupwa, wala asipewe kuku wala mbuzi. Karanga iliyokunjamana au yenye uchungu mdomoni, itemwe. Na usimlishe mtoto nafaka moja tu kila siku. Leo mtama, kesho uwele, keshokutwa wali au ndizi. Kubadilisha huko kwampa mwili ngao, na kwampa mtoto hamu ya kula.

Kuhusu fedha, mama, nunua uwele na mtama wakati wa mavuno, baina ya Mei na Julai, bei inapokuwa chini. Waweza kushirikiana na jirani mkachukua gunia moja mkagawana. Zile pakiti za ng'ambo waachie wenye nazo. Nyingi zimetengenezwa kwa wanga mtupu na sukari, hazina nguvu ya ugali wa uwele na mlenda.

SINIA MOJA

Sasa tumebakiwa na jambo ambalo halipimwi kwa kikombe.

Bibi yetu wa Kondoa, twajua kwamba ukurasa huu utasomewa, nasi twakuamkia, shikamoo. Hatukuandikii kukulaumu. Tunajua ulipokuwa mdogo mkate mweupe ulikuwa ni kitu cha sikukuu, kitu cha mgeni, na mtu aliyekupa kipande alikuwa amekupenda. Unapompa mjukuu wako andazi, unampa mapenzi kwa namna uliyoijua. Lakini mwili wake unalipokea andazi hilo kama sumu, na kila siku anayoamka hajiwezi, ni lile andazi la jana. Ingekuwa ni sumu ungeiona kwa macho, ungemnyang'anya kwa mikono yako miwili.

Na tazama, bibi, jinsi Mwenyezi Mungu alivyoipanga tiba yake. Daktari ameandika karatasi, na mama amehangaika madukani, na ilhali katika nyumba ile mtu anayejua kuutwanga uwele, kuupepeta, kuusonga ukawa laini, na kuupika mlenda ukavutika, ni wewe peke yako. Mkweo alizaliwa mjini. Ugali wa uwele hausongi sawasawa. Huyu mtoto hana tabibu aliye karibu naye kuliko wewe. Mfundishe. Mkae pamoja jikoni, umweleze wazee wako walivyoishi miaka ya ukame kwa nafaka hii wakati mazao mengine yalipokauka. Akikuona wewe umejivunia, haya yake itaondoka.

Nawe mama, usimpikie mtoto chungu chake cha pembeni kila siku. Katika mwezi wa Ramadhani jaribu, kadiri mnavyoweza, futari ya nyumba nzima iwe ile anayoiweza yeye: uji wa ulezi, tende, vitumbua, muhogo wa nazi, bajia za kunde, ugali wa mtama na mchuzi. Angalia orodha hiyo, uniambie ni mgeni gani wa Nkuhungu atakayeketi mbele yake akasema amepungukiwa. Wote mnyooshe mikono katika sinia moja. Mwenye hamu ya chapati ya ngano na ale kwa wakati mwingine, mahali pengine, kwani kwa mtu mzima kukosa chapati mwezi mmoja si msiba, na kwa mtoto kutengwa na wenzake wakati wa furaha ni jeraha lisiloonekana.

Kuhusu saumu yenyewe, binti wa miaka tisa hajapata kulazimika. Akipenda kujifunza kwa kufunga nusu siku, aulizwe daktari kwanza kama mwili wake umekwisha pata nguvu.

Na kwa walimu wa madrasa na majirani: mtoto akikataa andazi mlilompa kwa sadaka, msimlazimishe, wala msimwite mwenye kiburi. Mtume wetu, sala na amani zimshukie, hakuwa akikitia ila chakula. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Basi na tuwe na adabu hiyo kwa pande zote mbili: tusikitie ila chakula cha mtoto, wala tusimtie ila mtoto aliyekiacha chetu. Mwalimu anayetaka thawabu na aweke kando ndizi mbivu moja au kashata moja kwa ajili yake.

Mwisho, binti yetu wa Nkuhungu, maneno haya machache ni yako. Uwele si chakula cha maskini. Ni chakula cha watu waliojua nchi yao. Jioni ya kwanza ya Ramadhani, usiketi chumbani. Kaa baina ya bibi yako na mama yako, chukua tonge la kwanza, na kama mgeni akiuliza ni chakula gani hiki, mwambie ni cha kwetu, kisha mkaribishe.

Mwenyezi Mungu akuponye, na awape wazazi wako subira na riziki ya halali.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.